Tuliazima Ugonjwa, Tukaiacha Dawa



Rasimu ya kitabu kipya cha kusomea Kiswahili imekuwa ikizunguka mikononi mwetu kwa miezi kadhaa sasa. Ndani yake imo sura iitwayo "Mshtuko wa Utamaduni", isimuliayo safari ya vijana wanne, marafiki, waliojitwika shanta zao mgongoni wakaenda kuzuru Asia. Walianzia Jakarta, wakapita Bangkok na Hanoi, wakamalizia Delhi. Walimu wengi wameisifu sura hiyo kwa kuwa Kiswahili chake ni chepesi, mazungumzo yake ni changamfu, na jambo lenyewe lawahusu vijana wa leo. Sisi tumeisoma zaidi ya mara moja, na kila tulipoirudia tumezidi kuona kwamba haifai kuingia darasani kama ilivyo. Twaomba wenzetu walioisifu watuvumilie. Ugomvi wetu hauko na watu. Uko na maneno, na maneno ndiyo kazi tuliyokabidhiwa.

Yafaa kwanza tueleze yaliyomo, ili asiyeisoma asidhani kwamba twaionea. Jakarta, marafiki wanakasirika kwa sababu kila wapitapo njiani watu wanawauliza, "Mnakwenda wapi?" Wanaona kwamba wanapelelezwa. Bangkok, mama mwenye nyumba ya wageni anawauliza asubuhi kama wamekwisha kula. Wao wananong'onezana kwamba anataka kuwauzia chakula. Hanoi, kijana waliyekutana naye dakika mbili tu zilizopita anawauliza umri wao. Katika garimoshi liendalo Delhi, abiria mwenzao anataka kujua kama wameoa, wana watoto wangapi, na baba zao wanafanya kazi gani. Zaidi ya hayo, joto ni kali, njia zina kelele, bei hazikuandikwa, na watu wanakula kwa mkono. Marafiki wananuna, wanagombana wao kwa wao, mmoja anataka kurudi kwao. Mwisho wanaingia katika mkahawa uliojaa wasafiri wa namna yao, wanacheka pamoja juu ya visa vyao, na mwandishi anatuambia kwamba sasa "wamezoea".

Sura nzima ina kurasa nane. Katika kurasa hizo hakuna Mwasia hata mmoja anayesema jambo lolote isipokuwa yale maswali manne na bei za vitu. Mwishoni kuna orodha ya msamiati mpya: uchafu, kelele, msongamano, harufu, kichefuchefu, ulaghai, umbeya. Halafu laja zoezi la kwanza: "Taja mambo matano yaliyowashtua marafiki."

Tujiulize basi. Mwanafunzi akimaliza somo hili atakuwa amejifunza nini? Atakuwa amejifunza kulalamika kwa Kiswahili sanifu.

Tuanze na neno lenyewe. Hili "mshtuko wa utamaduni" halikuzaliwa kwetu. Limefasiriwa neno kwa neno, na kama yawavyo maneno mengi ya kufasiriwa, lilivuka mpaka bila mizigo yake. Aliyelieneza ni Kalervo Oberg, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, mzaliwa wa Kanada. Sisi wa Uganda tuna haki ya kumjua mtu huyu, kwa sababu kabla ya hapo alikaa na kuchunguza maisha ya Wanyankole, na maandishi yake juu ya ufalme wa Ankole yalichapishwa mwaka 1940. Mwaka 1954, mjini Rio de Janeiro, alitoa hotuba mbele ya wanawake waliokuwa wakiishi huko, na mwaka 1960 hotuba hiyo ikatolewa katika jarida. Aliueleza mshtuko huo kama ugonjwa: una chanzo chake, dalili zake na tiba yake. Kwanza mgeni hufurahia kila kitu kama aliye katika fungate. Kisha huchukizwa na kila kitu. Baadaye, akijaliwa, hupona.

Hayo ndiyo yanayokaririwa katika vitabu, na sura yetu imeyakariri vilevile. Lakini Oberg alisema mambo mengine mawili ambayo wafasiri wetu wameyaacha njiani. La kwanza, kwamba wageni wanapokusanyika wenyewe kwa wenyewe kuwanung'unikia wenyeji, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Katika sura yetu jambo hilo hilo limefanywa kuwa ndiyo tiba! Marafiki wamekaa mkahawani wakiwacheka wenyeji, na mwandishi atuambia wamepona. La pili, alipouliza mtu afanye nini ili apone upesi, alijibu kwamba hana budi kuwajua watu wa nchi ile, na hawezi kuwajua bila kuijua lugha yao. Dawa ni lugha. Hayo aliyasema yule yule tunayemtaja kila siku, na sisi walimu wa lugha, ambao tungepaswa kuyaandika juu ya mlango wa kila darasa, tumeliazima jina la ugonjwa tukaiacha dawa dukani.

Sasa turudi kwenye maswali manne yaliyowaudhi marafiki, tuyatazame kwa jicho la mwalimu wa lugha.

Jakarta, swali la "Mnakwenda wapi?" ni maamkizi. Anayeuliza hahitaji ramani ya safari yako. Ukimjibu kwamba unatembeatembea tu, ameridhika na anakwenda zake. Bangkok, kumwuliza mtu kama amekwisha kula wali ni njia ya kumjulia hali, sawa na sisi tuulizavyo "Umeshindaje?" bila kutaka kuhesabiwa saa za mchana wote. Katika garimoshi la India, kuulizana juu ya ndoa, watoto na wazazi ni kumtafutia mgeni mahali pa kukaa katika mazungumzo. Nani kati yetu hakuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za kazi kabla hata hajaweka mzigo chini?

Swali la Hanoi ndilo litupalo somo kubwa kuliko yote. Katika Kivietinamu watu huitana kwa majina ya udugu. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo ni "anh", yaani kaka; mwanamke anayekuzidi ni "chị", dada; aliye mdogo kwako ni "em". Wapo pia shangazi, baba wadogo, mabibi na mababu, kila mmoja kwa kiasi cha umri wake. Majina hayo hutumika mahali pa "mimi" na "wewe". Basi mtu asiyejua umri wako hajui akuiteje, wala hajui ajiiteje yeye mwenyewe mbele yako. Atakwama kabla ya kuimaliza sentensi yake ya kwanza. Kwa hiyo swali la umri, ambalo marafiki waliliona kuwa ni umbeya, ni swali la sarufi. Kijana yule alikuwa anatafuta nafsi ya kutumia. Na sisi ambao hatuwezi kusema "shikamoo" bila kwanza kupima nani ni mkubwa na nani ni mdogo, sisi ambao twamwita mwenye duka tusiyemjua "mjomba" na mama tusiyepata kumwona "shangazi", tumekubali kuandikiwa kwamba jambo hilo ni la kushtusha!

Hapo ndipo ilipo aibu ya sura hii. Imeandikwa kwa Kiswahili, lakini macho yake si ya msemaji wa Kiswahili. Yeyote aliyeiandika aliwatazama watu wa Asia kwa miwani ya msafiri wa Ulaya, akadhani miwani hiyo ndiyo macho ya binadamu wote. Msafiri wa Ulaya akishangaa kuona watu wakila kwa mkono wa kulia, na akashangaa zaidi kuambiwa asimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto, mshangao wake twauelewa. Je, mtoto wa Mombasa au wa Masaka atashangaa nini? Akiambiwa avue viatu mlangoni pa nyumba ya watu Bangkok, atakuwa ameambiwa jipya gani? Akikuta bei ya kitambaa haikuandikwa na yampasa kupatana na muuzaji, atasema ametapeliwa, au atasema yuko sokoni?

Twende mbele zaidi, kwenye lugha. Mjini Jakarta mwanafunzi wetu angeamkiwa "Apa kabar?", na kabla hajafungua kamusi angelitambua neno "habari" likimwuliza, kama kwetu, "Habari gani?" Kamusi yenyewe huko huitwa "kamus". Karatasi ni "kertas", sabuni ni "sabun", wakati ni "waktu", Ijumaa ni "Jumat", dunia ni "dunia". Bendera inayopepea juu ya nguzo huitwa "bendera", wala hapana herufi hata moja iliyobadilika, kwa sababu wao na sisi tulilipokea neno hilo kutoka kwa Wareno, kama tulivyopokea "meza" nao wakapokea "meja". Akifika Delhi atasikia kitabu, kalamu, dawa, hewa, rangi, duka, gari na chai katika matamshi yaliyo karibu sana na yetu. Akitajiwa bei ya "lakh" moja atajua kwamba ni elfu mia, kwa kuwa sisi tunasema laki. Maneno mengine kati ya hayo tuliyapokea kutoka India yenyewe. Mengine wao na sisi tuliyapokea kutoka kwa Waarabu na Waajemi. Bahari ya Hindi iliyachukua maneno hayo majahazini kwa karne nyingi. Sura ipitayo Jakarta na Delhi pasipo kulitaja hata moja kati ya maneno hayo haikustahili kuandikwa kwa Kiswahili.

Wapo watakaotujibu kwamba mshtuko ni jambo la maumbile, na kwamba hata wasafiri wakubwa waliupata. Ni kweli, na tutawatolea mfano wenyewe. Ibn Battuta, yule Mmoroko aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, alikwenda pia visiwa vya Maldives akafanywa kadhi. Alijaribu kuwalazimisha wanawake wa huko kufunika vifua vyao, akashindwa. Na alipokuwa China alisema waziwazi kwamba nchi ile, pamoja na uzuri wake wote, haikumpendeza. Alikaa ndani, akawa hatoki ila kwa dharura, na alipowaona Waislamu wenzake alifurahi kana kwamba amewaona jamaa zake. Lakini tuone tofauti. Maldives, alikokaa kama kadhi akaoa huko, ametuachia maelezo ya chakula cha watu, biashara yao, meli zao na sheria zao ambayo wanahistoria wanayatumia hata leo. China, alikojifungia, maelezo yake yana mashaka kiasi kwamba wapo wataalamu wasioamini kwamba alifika mbali ndani ya nchi ile. Aliyejifungia nyumbani hata akirudi hana la kusimulia.

Tunaye pia msafiri wa lugha yetu wenyewe. Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, akapita Urusi hadi Siberia. Habari za safari yake zilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao "Safari za Wasuaheli". Huyu hakuwa na marafiki watatu wa kucheka nao mkahawani. Alikuwa mtu mweusi peke yake katika nchi ambazo wengi hawakupata kumwona mtu wa rangi yake, nao walimkodolea macho. Pamoja na hayo ametuandikia miji, vyakula, baridi na desturi za watu kwa udadisi wa mtu ajuaye kwamba kuuliza si ujinga. Kwa nini msafiri huyu, aliyeizuru Asia na kuisimulia kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia iliyopita, hana hata ukurasa mmoja katika rasimu yetu, na marafiki wanne wasiouliza lolote wana kurasa nane?

Tumesema marafiki wanne, na hapa twataka kusimama kidogo, maana urafiki wao ndio chanzo cha nusu ya taabu zao. Kusafiri na wenzi ni jambo jema. Tena njia ndefu yataka mwenzi. Lakini watu wanne wa nchi moja wakifungamana kutoka asubuhi hadi usiku wanakuwa wamebeba nchi yao pamoja na shanta zao. Jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa mabasi na magari makuukuu kutoka Istanbul, wakipita Tehran, Kabul na Lahore, hadi Delhi na Kathmandu. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler, mume na mke waliokwisha kuivuka Asia, walitoa kijitabu cha kueleza jinsi ya kuivuka kwa gharama ndogo, na kutokana nacho ikakua kampuni ya Lonely Planet. Njia ile ya nchi kavu ilikatika baada ya mwaka 1979, kwa mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti nchini Afghanistan. Lakini desturi iliyozaliwa humo haikufa: wasafiri kulala nyumba zile zile, kula mikahawa ile ile, na kupashana habari wao kwa wao.

Bangkok iko njia iitwayo Khao San, jina litokanalo na mchele, kwa kuwa zamani palikuwa soko la mchele. Tangu miaka ya 1980 imejaa nyumba za wageni wa shanta. Anayekaa hapo aweza kumaliza wiki nzima bila kusema neno moja la Kithai. Mkondo mzima wa safari hizo za Kusini-Mashariki ya Asia umebandikwa jina la chapati za ndizi, chakula wapikiwacho wageni kila wafikapo. Hatumlaumu mpishi, anafanya biashara na anawakirimu wageni. Twamlaumu mgeni alaye chapati za ndizi miezi miwili, kisha arudipo kwao ahutubie juu ya utamaduni wa Asia.

Pengine mtasema kwamba twawaonea vijana, kwamba zipo taabu za kweli safarini. Zipo. Na hapa ndipo tunapolishitaki lile neno kwa kosa lake kubwa kuliko yote: limefunika mambo matatu yasiyofanana, na kwa kuyafunika limeyafanya yote yasitibike.

La kwanza ni kutojua. Mtu hajui maamkizi, hajui kwamba Thailand hapaswi kumgusa mtoto kichwani wala kumwelekezea mtu nyayo, hajui kwamba Mhindi atikisapo kichwa huku na huku aweza kuwa anakubali. Kwa jambo hili Kiswahili kina neno lake la siku zote: ugeni. Twasema, "Bado ana ugeni." Neno hilo ni bora mara kumi kuliko mshtuko. Ugeni ni hali ya aliyekuja, wala si kosa la aliyemkuta. Tena ugeni humtoka mtu, kwa kuuliza na kujifunza. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la msafiri wa leo ni lugha.

La pili ni udhaifu wa mwili na moyo: joto, tumbo la kuendesha, usingizi mbaya, hamu ya nyumbani. Haya nayo yana majina yake: uchovu, upweke, ukiwa. Dawa yake ni mapumziko, maji safi, na barua kwa mama. Utamaduni wa watu hauhusiki nayo, wala si haki kuwabebesha watu wa Delhi lawama ya usingizi wetu.

La tatu ni dhuluma, na hili sura yetu haikuligusa hata kidogo. Vijana wa Kiafrika wakienda Asia, wako wanaokumbana na jambo zito kuliko kuulizwa umri. Mwezi wa Mei mwaka 2016 mwalimu kijana kutoka Kongo, aliyekuwa akifundisha Kifaransa, mwalimu kama sisi, aliuawa kwa kipigo mjini Delhi baada ya ugomvi wa kugombea bajaji. Mwezi wa Machi mwaka 2017 wanafunzi wa Kiafrika walishambuliwa na kundi la watu huko Greater Noida, karibu na Delhi. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi mjini Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakikaa, hata mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Je, na huo ni mshtuko wa utamaduni? Tumwambie aliyefukuzwa nyumbani usiku kwamba atazoea? La hasha. Huo ni ubaguzi, na una maneno yake: dhuluma, shahidi, shitaka, ubalozi, haki. Mwanafunzi wetu akisafiri na msamiati wa kichefuchefu na harufu, siku atakayodhulumiwa hatakuwa na neno la kusema. Na kwa upande wa pili, mwanafunzi aliyefundishwa kuwa kila aulizapo mtu ni uadui, atamwona mbaguzi hata katika mama wa Bangkok aliyetaka kujua kama mtoto wa wenzake amekula.

Kuna hoja moja ya mwisho ya wenzetu ambayo hatuwezi kuiruka. Wanasema: msafiri wa miezi miwili katika nchi nne hawezi kujifunza lugha nne, basi mwacheni ashtuke. Hakuna aliyesema ajifunze lugha nne. Twasema ajifunze katika kila nchi maamkizi, shukrani, samahani, jinsi ya kumwita mkubwa na mdogo, hesabu hadi kumi, na swali moja lisemalo: "Hiki mnakiitaje?" Hayo hayajazi hata ukurasa mmoja. Kithai ni kigumu, kwa kuwa sauti ikipanda au ikishuka maana hugeuka, na silabi moja iandikwayo "khao" yaweza kuwa wali, au weupe, au habari, kwa jinsi itamkwavyo. Mgeni atakosea, na wenyeji watacheka. Nao wakicheka, mazungumzo yameanza. Marafiki wa sura yetu hawakuchekwa hata mara moja, kwa sababu hawakuthubutu kusema lolote.

Huenda mtu akauliza mambo ya Jakarta na Hanoi yatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili. Yatuhusu sana, kwa sababu makosa ya sura hii ni makosa ya ufundishaji wetu. Sisi wa Uganda twajua bei ya kuifunza lugha pasipo adabu zake. Kwa miaka mingi wengi wa wananchi wetu walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, kikiwa amri tupu, pasipo "tafadhali" wala "shikamoo", wakaamini kwamba lugha yenyewe ni ya ukali. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria hizo ni njema, lakini hakuna sheria iwezayo kuwapendezesha watu lugha waliyoijua kwa kufokewa. Adabu ndiyo itakayofanya hivyo. Nasi, wakati huo huo, twasikia wenzetu wakisema vipindi vya maamkizi vipunguzwe, kwa kuwa ni vingi na mwanafunzi atajifunza mwenyewe akitembea. Atajifunza wapi? Mkahawani, pamoja na wenzake watatu?

Hatusemi sura ya marafiki wanne itupwe. Vijana wanapenda kusafiri, na kutembea kwingi ni kuona mengi. Twataka irekebishwe hivi. Iitwe "Ugeni". Wenyeji wapewe vinywa: mama wa Bangkok asimulie jinsi alivyowaona vijana wanne walionuna alipowajulia hali, na kijana wa Hanoi aeleze kwa nini aliuliza umri. Orodha ya msamiati iwe na maamkizi, ukarimu, kupatana, kuzoeana, udadisi, na pia iwe na ubaguzi, dhuluma na haki. Maneno yaliyosafiri baharini yawekwe kando ya ukurasa, Kiswahili upande huu, Kiindonesia na Kihindi upande ule, mwanafunzi ayalinganishe. Dondoo ya Salim bin Abakari itangulie, ili mwanafunzi ajue kwamba lugha yake ilifika Siberia kabla ya babu yake kuzaliwa. Na zoezi la kwanza liwe hili: "Andika maswali manne ambayo mgeni akiulizwa kwenu angeweza kuudhika. Mweleze kwa heshima maana ya kila moja."

Wenye hoja ya kututoa katika njia hii na wailete. Rasimu bado haijapelekwa kwa mpiga chapa, na kurasa za jarida hili ni za sote.